Ziwa la Unguja liko wapi? Safari ya siku moja na watoto kutoka Amani hadi pango la Mangapwani

Binti yangu wa darasa la tano alirudi na kazi ya skuli: taja maziwa matatu makubwa ya Tanzania na faida zake. Victoria, Tanganyika, Nyasa. Aliandika bila kuinua kichwa. Alipomaliza akauma kalamu, kisha akauliza, "Mama, na letu sisi linaitwaje?"

"La Mwanakwerekwe!" alidakia mdogo wake, ana miaka sita.

Tulicheka, maana kila anayekaa huku kwetu Amani anakumbuka masika ambayo barabara ya Mwanakwerekwe iligeuka maji matupu, watu wakivua viatu na madereva wakijuta. Lakini swali lilibaki. Nilijua kwamba Unguja haina ziwa la kuchorwa kwenye ramani. Sikujua kumweleza kwa nini, wala maji tunayochota yanatoka wapi ikiwa hakuna ziwa wala mto wa maana. Nilimwambia nitamjibu Jumapili. Wazazi wenzangu mnajua ahadi ya namna hiyo: mtoto husahau kufunga kamba za viatu, ahadi hasahau.

Ndivyo ilivyozaliwa safari hii. Tulikwenda wanne, mimi na baba yao na watoto wawili, kwa gari za abiria, na tukarudi kabla ya magharibi. Nimeiandika kwa sababu majirani zangu wengi wana watoto walioliona Jumba la Ajabu kwenye simu tu, na hawajafika Mangapwani ingawa ni mwendo wa saa moja. Wageni wanatoka Ulaya kuja kuyaona. Sisi tunapita mbele yake tukiwahi harusini Bububu.

Kwanza, jibu la ziwa

Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba 68,800 hivi. Unguja nzima, Nungwi hadi Makunduchi, ni kama 1,660. Nilimpa binti yangu simu apige hesabu, akapata kwamba kisiwa chetu kingeingia ndani ya ziwa hilo zaidi ya mara 40. Mdogo wake aliogopa kidogo. Alitaka kujua kama kingezama.

Kinachotunyima ziwa ni jiwe. Sehemu kubwa ya kisiwa, hasa upande wa mashariki na kusini, ni mawe ya matumbawe ya kale, yaliyojaa matundu na nyufa. Mvua ikinyesha maji hayakai juu, yanazama. Hata vijito vingine vinavyoanza vizuri kwenye udongo wa kati vikifika maweni humezwa na ardhi visionekane tena. Maji hayo yanakusanyika chini, na mahali pengine yanajitokeza yenyewe kama chemchemi, mahali pengine yanatulia ndani ya mapango. Kwa hiyo ziwa letu tunalo. Tumelikalia.

Mtoto akishalielewa hilo, majina ya njia ya kaskazini yanaanza kusema. Mtoni. Chemchem. Bububu, ambalo wazee wengine husema ni mlio wa maji yakibubujika. Na hata Darajani, hapo tunapopanda magari kila siku, palikuwa na daraja kweli. Mkono wa bahari uliingia hadi nyuma ya Mji Mkongwe na kuutenga na Ng'ambo, ukajazwa kidogo kidogo katika karne ya 20. Binti yangu alitazama nje ya dirisha akitafuta bahari kati ya maduka ya mitumba na wauza samaki.

Maruhubi na Mtoni

Tulipanda gari la Bububu, namba 502, tukashuka Maruhubi, kilomita kama nne kutoka mjini. Ukishuka mapema, kabla ya saa tatu asubuhi, unapata kivuli na upepo wa bahari, na wavuvi wako kazini na vyombo vyao.

Jumba hili lilijengwa na Sayyid Barghash na kukamilika mwaka 1882. Lilikuwa la wanawake wake, na masimulizi yanasema walikuwa karibu mia. Liliungua mwaka 1899, na marumaru za hamamu zikaibwa. Kilichobaki ni safu za nguzo nene za mawe zilizobeba roshani ya mbao, kuta za hamamu, mabaki ya mfereji uliopitisha maji, na bwawa lililoota mayungiyungi. Watoto wangu walilipenda hilo bwawa kuliko nguzo. Mshike mkono aliye mdogo, kingo zinateleza.

Sikufurahia nilichokiona kwenye nguzo. Majina, mioyo, namba za simu, yote yamechorwa kwa mkaa na misumari. Yalikuwa ya Kiswahili, si ya wageni.

Kutoka hapo hadi Mtoni si mbali, lakini jua likipanda panda gari, usitembee na watoto kando ya barabara ile. Mtoni ndiyo kasri kongwe zaidi ya masultani hapa Unguja. Sayyid Said bin Sultan, aliyehamisha utawala wake kutoka Maskati kuja kwetu, alianza kuijenga mnamo 1828. Aliichagua kwa sababu ya maji. Kijito kinashuka hapo kuingia baharini, na ndicho kilichopapa jina.

Hapa mzazi anahitaji hadithi, kwa sababu gofu peke yake ni kuta. Hadithi ipo, na mwenye nayo ni mtoto. Sayyida Salme, binti wa Sultani, alizaliwa Mtoni tarehe 30 Agosti 1844 na kukulia humu. Alipokuwa mtu mzima aliolewa na Mjerumani, akahamia Ujerumani, akaitwa Emily Ruete, na mwaka 1886 akachapisha kitabu cha maisha yake. Ndani yake ameeleza ua wa nyumba hii uliokuwa na tausi, paa, mbuni, bata na heroe wakizunguka ovyo, na watoto wakitumwa kukusanya mayai. Mwanangu wa kiume alitumia nusu saa nzima akitafuta alipolala mbuni.

Binti yangu alishikwa na jambo jingine. Wasichana wa jumba lile walifundishwa kusoma, si kuandika. Salme aliiba elimu hiyo: alinakili herufi za msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia mpaka mkono ukazoea, hakuna aliyejua. Nilipomsimulia, binti yangu alinyamaza, kisha akauliza mfupa huo una ukubwa gani.

Niliongeza kipande ambacho wengi tunakiruka. Mama yake Salme hakuzaliwa hapa. Alitekwa akiwa mtoto mdogo kwao Circassia, mbali sana huko kaskazini, akauzwa, akafika kwenye nyumba ya Sultani kama suria. Na Salme huyo huyo, binti wa mwanamke aliyeuzwa, alipoandika kitabu chake aliutetea utumwa wa nchi za Mashariki. Mtoto wa miaka kumi analielewa hilo vizuri kuliko tunavyodhani. "Alitetea kitu alichofanyiwa mama yake?" aliniuliza. Ndiyo, nilimwambia. Alikuwa amekulia upande unaokaa kwenye mazulia.

Nilitaja hilo makusudi. Nilijua tunakwenda wapi.

Treni, maji na bafu la Kidichi

Bububu tulisimama kwa chai na maandazi tu, lakini pana jambo la kuwasimulia watoto mkiwa mmekaa. Hapa palifika treni. Kampuni ya Kimarekani ya Arnold, Cheney ya New York ilijenga reli ya maili saba kutoka mjini hadi Bububu, ikaanza kazi mwaka 1905 na ikadumu hadi mwishoni mwa miaka ya 1920. Ilikuwa ikipita katikati ya vichochoro vya mji, karibu na milango ya watu. Mwanangu hakuamini. Bado haamini.

Na pana jambo la maji. Mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kiliingia Unguja na kuua maelfu ya watu. Mji ulikuwa ukinywa maji ya visima vilivyochimbwa karibu na vyoo na makaburi. Sayyid Barghash alikalia kiti mwaka 1870, katika mwaka ule ule wa msiba, na baadaye akaleta maji ya chemchemi ya huku Chemchem hadi mjini kwa mfereji na mabomba. Ni kazi kubwa kuliko majumba yake yote, kwa maoni yangu, na ndiyo isiyo na mnara. Nilimwonesha binti yangu mteremko wa ardhi kutoka vilima vya ndani kuelekea mji. Maji yalishuka yenyewe, hakuna mashine iliyoyasukuma.

Kidichi tulipita haraka, maana iko ndani, kama kilomita 11 kutoka mjini, na tulitaka kuwahi. Ni hamamu iliyojengwa na Sayyid Said mwaka 1850 kwa ajili ya mke wake wa Kiajemi, mjukuu wa Shah Fath Ali. Kuta zina nakshi za chokaa za maua na ndege, fundi akiwa amefuata mtindo wa Uajemi. Ukiwa na watoto, dakika ishirini zinatosha. Wao walivutiwa zaidi na mwangwi chini ya kuba na mashamba ya mdalasini na hiliki ya pembezoni. Ukipenda, nunua hiliki hapo hapo. Bei ni ya shamba, si ya Darajani.

Pango lililopatikana na mtoto

Mangapwani iko kaskazini zaidi, kama kilomita 20 na kitu kutoka mjini. Gari za Bumbwini, namba 102, zinapita huko. Mwambie konda mapema unakoshuka.

Pana mahali pawili, na watu huchanganya. La kwanza ni pango la asili. Masimulizi yake ni haya: mwanzoni mwa karne ya 19 shamba hili lilikuwa la Mwarabu aitwaye Hamed bin Salim el-Harthy. Alikuwa na mtoto mtumwa aliyechunga mbuzi. Siku moja mbuzi mmoja akapotea. Yule mtoto akamtafuta, akasikia analia, lakini sauti inatoka ardhini. Akafuata mpaka akaona tundu kwenye mwamba, na ndani yake pango, na chini kabisa ya pango maji baridi, matamu. Tangu hapo watu wakayachota.

Mwanangu wa miaka sita aliniuliza swali moja tu: mbuzi alitoka? Nikasema alitoka. Naamini alitoka.

Ngazi ni za mwinuko mkali na zina unyevu. Vaeni viatu vyenye meno, si kandambili. Beba tochi, kwa sababu taa ya simu haifiki chini na mkono mmoja utauhitaji kushikia ukuta. Aliye chini ya miaka mitano ningemwacha juu na mtu mzima. Maji yako pale chini, ya giza na kimya, na mtoto akiyaona anataka kuyagusa. Mwache aguse. Kuogelea hapana.

Pia wafundishe adabu ya mapango kabla ya kuingia. Mapango mengi ya kisiwa chetu yana heshima yake kwa wenyeji. Utakuta vipande vya kitambaa, chetezo, chupa ya marashi. Hata kama nyumbani kwenu hamuamini hayo, si vya kuchezea wala kupiga picha kwa kicheko. Mnaingia kwa salamu, mnatoka bila kubeba kitu.

Tukiwa chini, baba yao akazima tochi kwa muda mfupi. Tukasikia tone moja. Kisha jingine. "Hili ndilo ziwa letu?" binti yangu alinong'ona. Nikamwambia, hili ni dirisha lake.

Chumba cha watumwa

Mahali pa pili ni umbali mfupi kutoka pangoni, karibu na pwani. Nilikuwa nimeamua kwamba mkubwa ataingia na mimi, na mdogo atabaki juu na baba yake wakila mapera. Kila mzazi na mtoto wake. Wangu wa kike ana miaka kumi na anasikia neno "mtumwa" kwenye vitabu, kwenye nyimbo, na, niseme ukweli, kwenye matusi ya watoto wenzake mtaani. Nilitaka alione neno hilo lina kuta.

Chumba kimechongwa ndani ya mwamba wa matumbawe: vyumba viwili vya pembe nne chini ya usawa wa ardhi, na dari la mawe juu yake. Ukiwa mbali huoni chochote, ni kama paa lisilo na nyumba. Kilijengwa karibu na 1880 na tajiri aitwaye Mohammed bin Nassor al-Alwi. Tarehe hiyo ina maana yake. Barghash alikuwa ameshatia saini mkataba na Waingereza tarehe 5 Juni 1873 kupiga marufuku biashara ya watumwa kwa bahari, na soko la Mkunazini likafungwa. Mahali pa soko lile, mwaka huo huo, likawekwa jiwe la msingi la kanisa kuu la Kianglikana tunaloliona leo. Kwa hiyo chumba hiki hakikujengwa wakati biashara ni halali. Kilijengwa kuificha. Watu walifungiwa humu mpaka jahazi litakapokuja usiku. Utumwa wenyewe, ndani ya visiwa, ulifutwa kisheria mwaka 1897 tu.

Niliyaeleza haya kwa maneno machache, tukiwa tumeinama. Kuna joto humo, na hewa ni nzito. Mzee mmoja aliyekuwa akituonesha njia aliongea taratibu, akamwacha mtoto aguse ukuta, hakuongeza chumvi. Nilimshukuru kwa hilo. Nimewahi kusikia waongozaji wanaosimulia mahali kama hapa kwa mbwembwe, wakitaja mateso mengi zaidi kwa kuwa mgeni anatoa bakhshishi nzuri zaidi akilia.

Tulipotoka nje jua lilituumiza macho. Binti yangu alikaa juu ya jiwe. Kisha akaniuliza lile swali ambalo, nadhani, ndilo lililonifanya niandike makala haya badala ya kutuma picha tu kwenye kundi la familia.

"Mama, sisi tulikuwa upande gani? Wa waliofungwa au wa waliofunga?"

Sikuwa nimelitayarishia jibu. Nyumbani kwetu, kama nyumba nyingi za Ng'ambo, mambo haya hayazungumzwi. Ukiuliza kabila unaambiwa "sisi Waswahili" au "sisi watu wa hapa hapa," na chai inamiminwa. Nilikua nikijua, kwa maneno yaliyodondoka hapa na pale, kwamba bibi yake mama yangu alikuwa Mnyasa na kwamba aliletwa, hakuja. Na upande wa baba yangu kulikuwa na mtu mwenye mashamba ya mikarafuu, na mikarafuu ya zamani hizo haikuchumwa na mwenye shamba.

Ningeweza kumwambia kwamba hayo ya zamani, yamekwisha. Nilishaufungua mdomo. Kisha nikamkumbuka akiuliza ukubwa wa mfupa wa ngamia.

"Pande zote mbili," nilimwambia. "Bibi yake bibi yako aliletwa akiwa mdogo. Na kwa upande wa babu yako, nadhani walikuwepo waliomiliki watu."

Alifikiri kidogo. "Kwa hiyo wote wako ndani yangu."

"Wote."

"Wanapatana?"

Baba yao alicheka kutoka chini ya mpera, nami nikacheka, na mtoto hakucheka, alikuwa akiuliza kweli. Nikamwambia sijui, tutamuuliza bibi.

Sina utaalamu wa kulea na sitaki kumfundisha mtu namna ya kujibu maswali ya nyumba yake. Nitasema tu tulivyofanya sisi. Hatukuendelea na somo. Tulishuka ufukweni, tukala mihogo ya kukaanga tuliyobeba, na watoto wakacheza na kaa mpaka maji yakaanza kujaa. Mtoto aliyetoka mahali kama pale anahitaji kukimbia. Mtu mzima pia.

Mambo ya kujiandaa

Beba maji ya kutosha, chupa kubwa kwa kila watu wawili, kwa sababu Mangapwani si kila wakati utakuta duka wazi. Beba na chenji. Kiingilio cha mwenyeji si sawa na cha mgeni, kwa hiyo sema mapema kwamba unatoka Amani, na uchukue kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi. Ulizia kwanza Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale kama mahali unapotaka kwenda pako wazi, maana magofu hufungwa kwa matengenezo. Msimu wa masika nisingeenda pangoni kabisa. Kanga mbili zinatosha kwa mkeka, kivuli, taulo na heshima. Gari za jioni zinajaa, anza kurudi saa kumi.

Usijaribu kumaliza yote kwa siku moja kama tulivyofanya sisi. Ningerudia leo ningeacha Kidichi kwa siku nyingine, na Maruhubi ningekwenda jioni tu, kwa miguu ya mchezo, baada ya skuli.

Wasiotaka njia ya kaskazini wana mengine. Panda gari la Chwaka, 206, ushuke Dunga, ambako Mwinyi Mkuu Muhammad bin Ahmed alijenga kasri lake katikati ya karne ya 19. Hao ndio waliokuwa watawala wa wenyeji wa Unguja kabla na wakati wa masultani, na mtoto anayejua majina ya masultani wote bila kumjua Mwinyi Mkuu amesoma nusu. Ukweli ni kwamba mimi nilikuwa hivyo hivyo. Huko kusini, Kizimkazi Dimbani, kuna msikiti wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, na bado watu wanasali humo, kwa hiyo vueni viatu na ombeni ruhusa. Na ndani ya pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, wachimbuzi wa mambo ya kale wamekuta mabaki ya watu walioishi zaidi ya miaka 17,000 iliyopita, wakati bahari ilikuwa chini na kisiwa chetu kimeungana na bara. Wamekuta na mifupa ya punda milia. Punda milia wa Unguja! Mwanangu ameshaamua kwamba hiyo ndiyo safari inayofuata, treni asiamini, punda milia aamini.

Usisubiri sana. Tarehe 25 Disemba 2020 tulimpoteza nusu ya Jumba la Ajabu mchana kweupe, jumba la 1883 lililostahimili mizinga ya Waingereza ya Agosti 1896. Lilianguka likiwa katika matengenezo, na mafundi wawili wakafariki. Nilikuwa nimewaahidi watoto kuwapeleka ndani "likizo ijayo." Wamekwenda kuliangalia kwa nje, mabati yamezunguka.

Simu kwa bibi

Usiku ule, watoto wameshaoga na mchanga umejaa bafuni, binti yangu aliniletea simu mkononi. "Tulisema tutamuuliza bibi."

Mama yangu anakaa Kikwajuni. Ana zaidi ya miaka sabini na hapendi maswali kwenye simu, anasema simu ni ya kujuliana hali. Binti yangu alimwamkia, akamweleza safari yote, mbuzi, mfupa, chumba. Kisha akamuuliza kuhusu bibi yake, yule aliyeletwa. Niliweka sauti ya nje. Kulikuwa na kimya kirefu mpaka nikadhani simu imekatika.

"Nani kakwambia?" mama aliuliza.

"Mama."

Kimya tena. Kisha mama yangu, ambaye katika miaka yangu yote hajawahi kunisimulia jambo hili zaidi ya nusu sentensi, akaanza. Kwamba bibi yake alikuwa mfupi, mwenye chale ndogo mashavuni. Kwamba alikuwa akipika ugali wa mtama peke yake, siku akiwa na huzuni, na hakumpa mtu. Kwamba alikuwa na majina mawili: lile alilopewa hapa, ambalo sote tunalijua, na lile alilokuja nalo, ambalo hakulitamka mbele ya wanawe hata siku moja. Kwamba alipovuka bahari alikuwa kimo cha mtoto wa darasa la tano.

Binti yangu alikuwa ameshachukua daftari, lile lile la maziwa matatu, anaandika nyuma ya ukurasa.

"Mjukuu wangu," mama akasema mwishoni, "hicho chumba mlichokwenda, kina ngazi nyingi?"

Nikamwambia chumba kina ngazi chache, pango ndilo lenye ngazi mbaya. Akasema basi pangoni atakaa juu na kikapu, chumbani ataingia. Tumepanga Jumapili ya pili ya mwezi ujao. Amesema tusimpeleke kwa gari la abiria, magoti hayawezi, kwa hiyo natafuta teksi ya bei nafuu ya kutwa, na msomaji mwenye dereva mzuri wa huku Amani anieleze.